Alama Chini ya Alama

Niliubwaga mzinga juu ya meza ya kamati, vumbi la nta na moshi likawapanda puani.

“Shahidi wangu huyo,” nikasema. “Ana miaka hamsini na hajabadili maneno.”

Miaka saba nilikuwa nimepiga kelele hapa Rungwa: msitu wa nyuki wapewe wenye asili nao. Mahabusu nimelala mara mbili. Darasa la saba langu nililiongezea vitabu vya kuazima, vikanifundisha kwamba waliokufa hawatoki kwenye siasa. Kila mgao tunaoufanya, wao wameshaukalia kikao. Nikawahubiria watu hivyo hadi wakaniita Profesa. Mwishowe kamati ikakubali: mwenye alama ya ukoo kwenye mzinga wa zamani apate eneo. Asiyenayo, basi.

Mama Martha, mjane, alikuja mikono mitupu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Profesa. Leo maneno yamekuishia, umekuja na gogo?”

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Anselm, katibu, akasugua masizi kwa kitambaa kibichi ili apige picha. Alama ya baba ikatokea, mduara uliochomwa kwa chuma. Chini yake, penye makovu ya tezo iliyokwangua mti, ikajitokeza nyingine: mistari mitatu, kama unyayo wa kanga.

Mama Martha akasimama. “Hiyo ni ya baba yangu, Andrea. Mwaka wa kuhamishiwa vijijini tulipakiwa kwenye lori, tukaambiwa mizinga itatufuata.”

“Nani aliwaambia?” Anselm akauliza.

“Mwulizeni huyo Profesa. Si ndiye mwenye kumbukumbu?”

Wengine wote mle ndani walikuwa vijana au wahamiaji. Mimi na yeye tu ndio tuliojua nani alikuwa katibu wa kijiji mwaka ule, na kwamba mimi ni mwanawe.

Anselm akanigeukia. “Profesa, marehemu mzee aliwahi kukueleza habari za alama hii?”

Mama Martha alikuwa bado amesimama.

“Hakuwahi,” nikasema. Na kweli, hakuwahi.

Anselm akaandika jina langu.

Mavuno ya kwanza yalikuwa mengi. Mke wangu, Eliza, akaniwekea sega zima kwenye sahani. Nikamwambia tumbo linanisumbua. Baba naye alikuwa akisema hivyohivyo kila msimu, nasi watoto tukigombania sega lake.