Mama wa Mistari

Mtafiti alikuwa ameifunza kompyuta kutambua shughuli za binadamu: kupika, kula, kufagia, kuanguka. Kamera aliyoifunga jikoni kwa mama yake haikuhifadhi sura wala vyombo. Ilichora viungo tu, mistari myembamba ya mabega, viwiko na magoti, kisha ikatuma taarifa ya kila tendo kwenye simu yake na ya dada yake. Hakutaka mzazi wake achunguliwe, na jambo hilo alilionea fahari.

Dada yake mkubwa hakuridhika. "Mama amekonda," alisema kwenye simu. "Namchukua, aje akae nami."

"Dada, anapika na kula kila siku. Ninamwona."

"Unaona vijiti, Profesa. Vijiti havinenepi wala havikondi."

"Mama alishasema, kumtoa nyumbani kwake ni kumzika angali hai. Niachie mimi."

Dada akakubali, shingo upande.

Hata hivyo maneno ya dada yalimkaa mtafiti rohoni. Jumamosi akafunga safari bila kutoa taarifa. Alipofika mlangoni, simu ikatetemeka mkononi: Anapika. Akatabasamu, akaingia jikoni.

Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko lililopoa. Mkono wa kushoto ulishika mpini usiokuwepo. Wa kulia ulikoroga hewa, taratibu, kwa ustadi ule ule wa miaka yote. Akaonja kiganja, akanyunyiza chumvi kutoka vidole vitupu. Sufuria zilikuwa rafuni, zimeshika vumbi. Ndani ya ndoo ya taka mlikuwa na karatasi za biskuti tu.

Mashine haikukosea, mwendo ulikuwa kamili. Vilivyokosekana ni vile alivyovifuta yeye mwenyewe, kwa heshima.

"Umekuja wakati mzuri, mwanangu," mama alisema. "Keti. Mbona umekonda hivyo, huko chuoni hawakulishi?"

Akampakulia juu ya meza tupu. Mtafiti akanawa, akaketi, akapeleka mkono mdomoni, akatafuna. Machozi yalimlenga, akayazuia.

"Chumvi imekolea?"

"Imekolea, mama."

Simu ikatetemeka tena: Wanakula. Taarifa hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kumfikia dada, kama ilivyokuwa kila siku. Mtafiti akasubiri mpaka mama alipoinuka kwenda kuosha vyombo, kisha akamwandikia: "Usiiamini. Njoo tumchukue."