Kiti Alichokikataa Bi Verlene

Nimekuwa karani wa tume inayowashauri majaji wa jimbo letu kuhusu vifungo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Wajumbe ni majaji, waendesha mashtaka na mawakili, basi. Wanapanga miaka ya watu huku wakitafuna donati.

Mwaka huu ukaja muswada wa kuongeza viti viwili: kimoja cha mtu aliyeumizwa na uhalifu, kingine cha mtu aliyetumikia kifungo. Hicho cha pili Delmar Pruitt alikitaka kufa na kupona. Ujana wake wote uliishia gerezani kwa ujambazi, na sasa anawatafutia kazi wanaotoka huko. Siku muswada uliposikilizwa kwenye kamati ya seneti, nilimkuta kasimama nje ya mlango.

"Mbona huingii? Haujafungwa."

Akacheka kwa aibu. "Mazoea, dada. Kule mlango anaufungua askari, wewe huugusi."

Nyuma yetu alikuwapo Verlene Stroud, ambaye binti yake aliuawa na jambazi dukani. Alisikia, akapita bila salamu.

Ndani, mwenyekiti wa kamati, Seneta Haugen, alikuwa ameshaukata muswada. Kiti cha Delmar kimefutwa, kimebaki cha Verlene. Wanaounga mkono wakazungumza kwanza. Zamu ya wapinzani ilipofika, akasimama Verlene.

"Bi Verlene, umekosea upande," seneta akatabasamu. "Kiti ni chako."

"Sijakosea. Nimekuja kukipinga hicho kiti changu."

Seneta akakohoa.

"Aliyemuua Janelle wangu anatoka gerezani Machi. Nataka kujua kitu gani kitamzuia asiue mtoto wa mwenzangu. Nimuulize nani kwenye tume yenu? Hata rumande hamuijui! Huyu Delmar namwogopa, siwadanganyi. Lakini yeye ndiye anayejua. Kama yeye haingii, na mimi siingii."

"Muda wako umekwisha, Bi Verlene."

"Basi namalizia kwa wako."

Jamani, mwanamke yule! Kazi yangu hainiruhusu kupiga makofi, kwa hiyo nilijifinya paja. Kiti kikarudishwa, muswada ukapita, na wote wawili wakateuliwa.

Kikao cha kwanza cha tume mpya, kiti cha Delmar kilikuwa kitupu. Jaji mmoja akaguna, "Mnaona? Siku ya kwanza tu."

Nikaanza kuinuka, lakini Verlene alinitangulia. Akaenda hadi mlangoni, akaufungua. Delmar alikuwa amesimama nje kama siku ile, tai imemkaba.

"Ingia ukae," akamwambia. "Nina maswali."