Kimondo cha Bwana Kokoto

Kazi yangu ni kukagua vimondo, yale mawe yanayoanguka kutoka angani, kwenye jumba la makumbusho. Watu wakisikia hivyo wanadhani nashinda nikipiga soga na nyota. Wapi! Nashinda nikiwaambia watu wazima kwamba kitu walichokipakata kwenye basi, kimeviringishwa taulo kama mtoto mchanga, ni taka ya kiwanda cha chuma. Jiwe lina matundu kama mkate? Si kimondo. Linang'aa kama chupa? Si kimondo. Uliota ndoto kabla hujaliokota? Hongera sana, lakini si kimondo. Miaka yote ya kazi hii sijaletewa cha kweli hata kimoja, nami nilikitamani mpaka roho inaniuma. Nilitaka kimoja tu kabla sijastaafu.

Mteja wangu sugu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, fundi cherehani mpole asiyeweza kufukuza hata nzi. Akiona kitu cheusi njiani, huyo, mbio ofisini kwangu. Ameleta makaa. Ameleta lami. Ameleta, Mungu ananiona, kipande cha breki ya lori. Mwezi uliopita alinidaka getini kwao nikiwa nimevaa gauni jeupe la harusini, akaniwekea mkononi jiwe linalochuruzika tope. Uvumilivu ukanishinda.

"Bwana Kokoto!" nikapaza sauti. "Takataka za nyumba hii zipeleke jalalani, usiniletee mimi! Na siku ukileta kitu, kioshe kwanza!"

Majirani walitoka kutazama sinema ya bure. Kuanzia siku ile mtaa mzima ukamwita Bwana Kokoto, hata wateja waliomletea suruali za kupunguza. Nilisikia kwamba alianza kushona mlango ukiwa umefungwa. Dada naye akaacha kupokea simu zangu. Nikasema shauri yao, ukweli unauma.

Jumatatu asubuhi shemeji akapiga hodi. Akasimama mlangoni mpaka nilipomwambia akae, akafungua kopo la nyuzi. Ndani kulikuwa na kipande cha jiwe la kijivu, kisafi, kinanukia sabuni ya unga.

"Limeanguka jana, shemeji," akasema. "Mlio kama radi. Limetoboa bati la banda letu la kufulia, likapasukia sakafuni."

"Lilikuwa la moto, eti?" Huo ndio mtego wangu. Waongo wote husema liliwaka kama kaa la moto, wengine hunionyesha hadi malengelenge.

"Hapana," akasema kwa aibu. "Lilikuwa baridi tu. Ndiyo maana nikasita kulileta."

Moyo ukanilipuka. Jiwe la angani hushuka mbio, likaungua juujuu tu. Ndani hubaki na baridi ya huko lilikotoka. Nikavaa glavu, nikachukua lenzi. Vipunje vya mviringo, vimejaa. Chembe za chuma, zinametameta.

"Na ganda lake liko wapi?" nikauliza. "Kimondo huvaa ganda jeusi, jembamba kama la yai."

"Yale masizi? Nimeyatoa yote!" Uso ukamng'aa. "Ulisema nioshe. Nimelichemsha, nikalisugua kwa waya wa sufuria, nikalipaka mafuta ya cherehani. Na sumaku nimeipitisha kila pembe, kuhakikisha."

Nikakaa chini. Maji hukitia kutu kimondo, mafuta hukichafua, na sumaku hufuta usumaku wa kale ambao kinaweza kuwa nao tangu kabla dunia haijawa dunia. Shemeji yangu alikuwa amemwogesha shahidi, akamfuta kumbukumbu, ndipo akaniletea nimhoji. Tena kwa utiifu! Nilitamani kulia, na nilitamani kumrushia kopo lake.

Ndipo nikaona upande mmoja umevunjika. "Kipande kingine kiko wapi?"

"Kiko nyumbani. Kile kichafu mno, cheusi tii. Nimemwachia dada yako akioshe."

Nilizivua glavu nikazitupa mezani, nikapiga simu. Dada hakupokea. Nikapiga tena, akakata. Simu ya shemeji, bila shaka, ilikuwa nyumbani inachaji. Nikamvuta mkono tukaingia teksi, na njia nzima nilimwomba Mungu ayakaushe mabomba yote ya mtaa ule.

Tulimkuta dada uani, kwenye banda la kufulia, anaanika shuka, juu yake bati lina tundu.

"Dada! Umeliosha?"

"Karibu, mdogo wangu. Za kutukana waume za watu?"

"Dada, tafadhali! Jiwe!"

"Sikuliosha." Akabana kibanio taratibu, kwa makusudi. "Ulisema vya nyumba hii ni takataka. Tangu lini takataka ikaoshwa? Nimelitupa."

Akanionyesha pipa kwa kidevu. Nikalivamia, mimi na shahada zangu zote. Maganda ya viazi, majani ya chai, mifupa ya samaki. Chini kabisa, ndani ya mfuko mkavu wa karatasi, nikaliona: jeusi, limevaa ganda lake zima, halijaguswa na sabuni wala sumaku. Machozi yakanitoka, sioni aibu kusema. Nikanyoosha mkono.

"Glavu, shemeji," akasema Bwana Kokoto nyuma yangu. "Una jasho."

Alikuwa amezibeba kutoka mezani kwangu. Mimi nilizisahau. Nikazivaa, nikalitoa jiwe na mfuko wake, nikamgeukia. Alikuwa anatazama chini, anasubiri hukumu, kama alivyosubiri kila mara.

"Ni chenyewe, shemeji," nikasema polepole. "Ni kimondo. Na umekipata wewe."

Akajifuta macho kwa utepe wake wa kupimia.

Dada akaweka beseni chini. Akaenda hadi getini, akalifungua wazi, pande zote mbili, akarudi akasimama amejishika kiuno.

"Hatujasikia," akasema. "Siku ile sauti ilifika mpaka barabarani."

Majirani walikuwa wameshaanza kutoka. Ganda la kiazi lilikuwa limening'inia kwenye mkono wa blauzi yangu. Nikatoka mpaka getini, nikavuta pumzi, nikaanza kupiga kelele.