Chanjo ya Mzee Fanueli

Jumapili, Mzee Fanueli, mzee wa kanisa, alitangaza kwamba ndui imefika Rujewa, hivyo Jumanne watoto wote waletwe uwanjani wachanjwe. Tusekile nusura aanguke kwenye benchi. Miaka miwili nyuma mzee huyo huyo, kwa mdomo huo huo, alimtenga na Meza ya Bwana kwa kosa la kumpeleka mwanawe Ezekia akachanjwe na mganga Kalinga. Chanjo ni upagani, alisema, akaipiga meza ngumi. Ezekia akafa kwa ndui, chale zake zote mwilini. Mama mtu akabaki hana mtoto wala ushirika.

Leo chanjo imeokoka! Imebatizwa lini, na nani?

Jumanne alikwenda, maana jumbe alisema asiyekwenda atakiona. Lakini alisimama kando ya ukuta wa kanisa, Sekela wa miezi minne mgongoni, mbeleko ameifunga mafundo mawili. Wanawake wengine walipomwona, nao wakaganda. Dresa Didas, muuguzi wa serikali, Mhehe wa Mlandege mwenye maneno machache na sindano nyingi, akakaa mezani bila mtu wa kumchanja.

"Mama Sekela, unatuharibia kazi," Mzee Fanueli akamwambia.

"Tata, mimi nilitubu mbele ya watu. Kosa moja nitubu mara ngapi?"

"Ile ilikuwa chanjo ya shetani. Hii ni ya serikali."

"Ndiyo nauliza, tofauti yake nini?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Fanueli akapandwa na hasira, na hasira zikamsahaulisha jambo moja. Akavua koti, ambalo hata shambani halikuwahi kumtoka, akakunja mkono wa shati. "Anza na mimi!"

Didas akaushika mkono, akautazama, akautazama tena. Juu ya kiwiko kulikuwa na chale tatu, mbichi, zimepakwa masizi.

"Mzee, mbona umeshachanjwa?"

"Hizo za utotoni."

"Utoto wa juzi? Bado zina damu."

Uwanja ukalipuka. Tusekile alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikamkauka. Aliona mzee anahangaika kuzifunika chale kwa kiganja. Kumbe naye aliogopa kufa, akakimbilia kwa Kalinga kama yeye Tusekile alivyokimbilia. Woga wao ulikuwa mmoja, adhabu akapewa yeye peke yake. Hilo lilimuuma.

Akafungua mafundo, akampeleka Sekela mezani.

"Mchanje huyu, kabla mzee hajabadili mahubiri."

Didas akadondosha tone la dawa kwenye mkono wa mtoto, akakwaruza kidogo. Sekela akalia. Tusekile naye akalia, kwa sauti, bila aibu.

"Ni hii tu?" akauliza. "Tone moja? Mbona Ezekia hamkumletea?"

Didas akafuta sindano ambayo ilikuwa imeshakauka. "Mwaka ule hatukuleta dawa huku, mama."

Mzee Fanueli akakunja mkono wa pili wa shati, akaenda kujipanga nyuma ya wanawake, ambao sasa walikuwa wamepanga mstari.