Ndovu Watano

Mama yangu, Kavata, ana starehe mbili na hataki ya tatu. Ya kwanza ni kukaa barazani saa kumi na moja na nusu jioni, akiwatazama ndovu wa Shimba Hills wakitoka msituni ng'ambo ya bonde, nyuma ya ua wa umeme. Ya pili ni voliboli ya wanawake kwenye televisheni. Ndovu hao hao walimlia mahindi misimu mitatu kabla ua haujawekwa, na bado anawapenda. Mimi nilishaacha kumwelewa.

Tangu utotoni tuna mchezo wetu. Yeye huuliza, "Leo wangapi?" Mimi hutaja idadi ya uongo makusudi, naye hunikosoa: "Saba, we Mumbe, umemsahau mtoto aliyejificha chini ya mamake." Hakuwahi kukubali idadi ya uongo hata siku moja.

Mwezi wa nane nilipata likizo ya wiki moja kutoka hoteli ya Diani ninakofanya kazi mapokezi, nikaenda nyumbani. Jioni ya kwanza tuliketi barazani na chai yetu. Bonde lilikuwa tupu. Hata nyani hakuwako.

"Leo wangapi?" akauliza.

"Watano," nikasema, nikingoja kofi la begani.

Mama akaelekeza uso ng'ambo, akatabasamu. "Watano, ndiyo. Na yule wa pembe moja yuko nyuma, kama kawaida yake."

Niliweka kikombe chini. Ndipo nikaikumbuka ile kamba ndefu iliyofungwa kutoka mlango wa jikoni hadi chooni, ambayo kwa simu aliniambia ni ya kuanikia nguo. Sikuwa nimeona nguo hata moja juu yake. Nilimfuata jirani yetu, Bi Mwanapili, nikamwuliza waziwazi kama Mama bado anaona.

"Mamako alinikataza nisikwambie," akasema. "Alisema utaacha kazi."

Kesho yake tulikwenda hospitali. Daktari, msichana wa rika langu, alimulika macho ya Mama kwa muda mrefu. Akasema ni presha ya macho, mishipa imekufa, na kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ingelinda kidogo kilichobaki upande wa kushoto. Nikauliza upasuaji. Akasema hautasaidia. Nikauliza Mombasa, nikauliza Nairobi, nikauliza hata India, kama mtu mwenye nauli ya India. Alinijibu kila swali kwa upole, na upole huo ndio ulionikasirisha. Hotelini mgeni akilalamika huwa nina la kufanya: nambadilishia chumba, nampelekea matunda. Hapa sikuwa na la kufanya. Njia nzima nililia, naye Mama akinipapasa goti, "Basi, basi," kana kwamba macho ni yangu.

Ijumaa timu ya taifa ilicheza. Bi Mwanapili alikuja na mahamri ndani ya bakuli. Mechi ilikuwa ikitoka ng'ambo na watangazaji walisema Kifaransa, lakini Mama hakukosa kitu, kwani Bi Mwanapili alimtangazia kama mtu anayejisemea tu: "Aa, huyu wetu mrefu naye, ameupiga nje." Nilimwonea wivu. Yeye alikuwa amejua la kufanya miezi yote hiyo, na mimi ndiye mtoto.

Seti ya tano ilipoanza, Bi Mwanapili akaaga akaenda kwake kuswali isha. Nikabaki mimi. Nilitangaza vibaya, nikichelewa, nikichanganya majina. Tukafika kumi na nne kwa kumi na mbili, tuko nyuma. Mpira ukarushwa. Nikamgeukia Mama, nikaona ameshainua mikono, tayari kupiga makofi. Nilipoirudia televisheni, mpira ulikuwa sakafuni upande wetu na wasichana wetu wamejishika vichwa.

"Vipi?" akauliza.

Sikuweza. "Tumeshinda, Mama."

Hakupiga makofi. Aliishusha mikono taratibu, akaiweka mapajani.

"Mumbe, wale ndovu hawakuwako. Wakiwako nawasikia wakivunja matawi. Nilikubali kwa sababu nilitaka tumalize chai kwanza." Akaupapasa mkono wangu hadi akaushika. "Kwa ndovu nidanganye ukitaka, nitakuitikia. Mpira niambie kweli. Sina namna nyingine ya kuujua."

"Tumeshindwa," nikasema. "Kumi na tano kwa kumi na mbili."

Akatikisa kichwa, akavuta kiti karibu nami.

"Nani ameuangusha?"

Nilifungua kinywa nimjibu, nikakosa jina. Mpira ulipoanguka nilikuwa nikimtazama yeye.