Mtoto Aliyeitikia Kila Swali

Uvumi niliusikia kwa msusi, kichwa changu kikiwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Alisema wale watafiti waliokuja shuleni kuwauliza watoto maswali wamegundua watoto wenye akili mbovu, na hao watahamishiwa shule ya mbali.

"Na wako yumo, mwenzangu. Mwalimu kamwambia wifi yangu."

Nilitoka na nywele zangu vile vile. Nilijaribu kujiambia ni maneno ya saluni, lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja. Binti yangu tunamwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi. Anagombana na kuku, anaziimbia sufuria. Hiyo akili mbovu imeingia lini?

Nikamuuliza, "Wale watu uliwajibuje?"

"Vizuri, mama. Sikukataa hata swali moja."

Bibi yake, mama mkwe wangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo ndiye mtoto aliyelelewa."

Nyumba ni ya mama mkwe na sheria ni zake. Mtoto hamwambii mgeni mkubwa "hapana" usoni. Mgeni akisema jua ni la kijani, unaitikia ndiyo, ukifika jikoni ndipo ucheke.

Asubuhi nikaenda shuleni. Mtafiti alikuwa dada mdogo tu, kakaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha walimu. Alinikaribisha vizuri, na huo ukarimu ndio ulionitisha zaidi.

"Mama, binti yako alisema anasikia sauti za watu wasiokuwepo. Alisema pia hana rafiki hata mmoja. Mwalimu mkuu anataka nimwambie leo kama ahamishwe au abaki."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Ila kuna jambo linanisumbua," akaendelea. "Nilimuuliza kama anapenda kukaa peke yake, akasema ndiyo. Baadaye nikamuuliza kama anachukia kukaa peke yake, akasema ndiyo."

"Muulize tena, mimi nikiwepo."

Chiriku akaitwa. Akasimama wima, mikono nyuma.

"Unasikia sauti za watu wasiokuwepo?"

"Ndiyo, shangazi."

Nikajishika kifua. Mtafiti akaweka kalamu chini.

"Mimi nina masikio matatu, sivyo?"

Mtoto akachungulia upande huu, akachungulia upande ule. "Ndiyo, shangazi."

"La tatu liko wapi?"

"Labda... umelifunika kwa kitambaa cha kichwa."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Nikamweleza yule dada sheria ya nyumbani kwetu, kisha nikamgeukia mwanangu. "Huyu hakuja kunywa chai sebuleni. Mwambie la kweli."

"Hata kama ni hapana?"

"Hata kama ni hapana."

"Basi hapana! Sisikii sauti yoyote, marafiki ninao darasa zima, masikio yako ni mawili, na sketi yako imefumuka pindo."

Yule dada alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema maswali yale yalitungwa mbali, kwa watoto waliozoea kubishana na wakubwa, na huko "ndiyo" ni ndiyo kweli. "Hapa nimepima adabu, mama, nikidhani napima akili."

Akaenda kwa mwalimu mkuu, mimi nyuma yake. Chiriku anabaki darasani kwake, na wenzake wote waliotajwa wataulizwa upya, kwa maswali mengine. Nilikaa kwenye ngazi za shule nikapumua kama niliyetua gunia la mkaa.

Mama mkwe aliponisikiliza alikunja uso. "Kwa hiyo nyumba yangu sasa ijae wabishi?"

"Kwa mtafiti na daktari tu, mama."

"Kwa daktari sawa," akasema. "Akimkatalia mgeni mwingine, atanisikia."

Mama wenzangu, shikeni haya:

Usimpeleke mtoto kwa mtu wa maswali kabla hujamwambia kwamba "hapana" inaruhusiwa.

Usikubali aulizwe na mgeni asiyejua desturi za nyumbani kwenu, wewe ukiwa hupo.

Usione haya kuuliza maswali yametungwa wapi na kwa watoto gani.

Usifurahie mtoto anayeitikia kila kitu.

Usibebe ugonjwa wa mwanao kutoka saluni.

Usimchape akisema ukweli mbele ya mgeni.