Ufa wa Pango, Juu ya Rubafu

Asivute pumzi ndefu, hapo ndipo penye kosa, kila akivuta pumzi ndefu kifua kinapanda na jiwe linakutana nacho, bora hizi ndogondogo za mdomoni, kama mtu anayepuliza uji wa moto… na mwanga uko wapi, taa ya Ma Kemilembe ilikuwa hapo sasa hivi, mbele ya pua yake, ikimulika nyayo za yule mama zenye matope, kisha ikapinda kona pamoja naye, sauti tu ikarudi, "Tulieni hapo hapo, waitu, ndugu zangu, nakwenda kutazama maji," na giza likamwangukia Mwalimu Ildefons kama aliyevishwa gunia la kahawa. Kutazama maji. Kwa nini atazame maji, asubuhi pale mlangoni mwa pango alisema maji ya humu hayafiki hata kifundo cha mguu, akajifunga nguo kiunoni na kucheka, nimewapitisha mapadri wa Kashozi humu, nimempitisha bibi wa Kizungu na kofia yake, nyinyi vijana mnaogopa nini… lakini asubuhi mvua ilikuwa haijaanza, na sasa chini ya tumbo, pale shati lilipogandamana na mwamba, kuna ubaridi unaotembea. Si jasho, jasho halitembei hivi. "Mwalimu," Harshad anasema nyuma yake, "Mwalimu, mimi nimekwama kweli, si mchezo," na mkono wake unapapasa, unakipata kiatu, unapanda, unashika mguu wa Ildefons juu ya goti. Harshad, mtoto wa mzee Jamnadas wa duka la vitambaa mjini Bukoba, rafiki yake kwa miaka minne sasa, ndiye aliyetaka haya yote, yeye na kamera yake, kuna ukumbi ndani kabisa wenye bwawa, Mwalimu, hakuna mtu aliyewahi kuupiga picha, na Ildefons alikataa mara tatu, mara ya kwanza alisema ana madaftari ya kusahihisha, mara ya pili homa, mara ya tatu alitikisa kichwa tu na Harshad akamtazama vile watu wanavyomtazama mtu mzima anayeogopa, pale dukani chini ya picha ya malkia mpya wa Uingereza iliyobandikwa mwaka huu, basi akasema haya, Jumamosi, nitakuja. Kwa ajili ya mtazamo mmoja tu. Angesema ukweli, angesema mimi sishuki ardhini, Harshad, mimi hata shimo la kuhifadhia mbegu za viazi nyumbani kwetu namtuma mtu mwingine, lakini angeulizwa kwa nini, na hilo la kwa nini… "Toa hewa yote kifuani halafu jivute," anamwambia, na sauti yake mwenyewe inamshangaza, ni ya darasani, imetulia, ya mtu mwingine. "Nimetoa. Ni nyonga, bwana. Na mkoba wa kamera uko chini yangu." "Uache mkoba." "Siwezi kuufikia, mkono mwingine umebanwa." Halafu maji yanasikika, kijisauti chembamba upande wa kushoto, kilikuwepo tangu mwanzo au kimeanza sasa, hajui, popo mmoja anapita, upepo wa mbawa zake unamgusa sikio, na harufu ile, udongo mbichi, udongo wa ndani kabisa ambao haujawahi kuona jua, anaifahamu, miaka sita amejitahidi kutoifahamu, ndiyo ile ile ya Karagwe.

Hapana, si Karagwe, hapa ni Rubafu, hapa hakuna mtu aliyechimba, jiwe hili limekaa hivi tangu dunia iumbwe na halina sababu ya kuanguka leo… ule ukuta nao ulikuwa umekaa. Ukuta wa shimo la kuchimbia madini ya bati, mwekundu, umelowa mvua ya usiku, na kaka yake Buberwa chini akigonga na sururu huku akiimba wimbo wa harusi, akikosea maneno kwa makusudi ili mdogo wake acheke, na yeye Ildefons juu, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuja likizo kutafuta ada ya chuo cha ualimu, akivuta ndoo kwa kamba, akicheka kweli, halafu kamba ikawa nyepesi mikononi. Hivyo tu. Hakusikia kishindo, au alikisikia akakisahau, anachokumbuka ni wepesi wa kamba. "Mwalimu! Unanisikia?" Ni Ma Kemilembe, mbali, sauti imegawanyika mara mbili kwenye miamba. "Nakusikia, Ma!" "Maji yanaongezeka, lakini taratibu. Wewe ukisogea mbele kidogo tu, ukapinda kona, kuna nafasi ya kusimama. Njoo wewe kwanza. Huyo mwenzako nitamfuata kwa nyuma, kuna tundu jingine, nazunguka kupitia huko!" "Utachukua muda gani?" Hajibu, au jibu limepotea njiani, taa yake haionekani tena hata ule wekundu kidogo wa pembeni. Kusimama. Neno hilo linamwingia magotini, magoti yenyewe yanataka kwenda, kona ni kama urefu wa kitanda tu kutoka hapa, atajivuta kwa viwiko, atasimama, atavuta pumzi moja ndefu ya haki, na hakuna atakayemlaumu, ameambiwa na mwenye kuongoza, ameamriwa… hata siku ile aliamriwa, nyapara alipiga kelele tokeni wote, tokeni, upande wote unashuka, na yeye akatoka, akasimama kwenye nyasi pamoja na wengine, na kutoka chini kwenye udongo Buberwa akaita. Aliita jina lake. Hakulia, hakupiga mayowe, aliita tu kama mtu anayemwita ndugu yake chumba cha pili, Ilde, kisha ananyamaza, kisha Ilde, na watu walimtazama, na kulikuwa na mwanya, aliuona kwa macho yake, upana wa mwili mmoja, miguu yake ikakataa. Nusu saa. Labda zaidi. Mawe, mama yake, kila Pasaka wakishakula, wakiwa wawili tu jikoni, anauliza bila kumtazama, "Hakusema neno lolote?" na yeye hujibu, "Alikufa pale pale, Mawe, hakuteseka," mama anaitikia kwa kichwa, anaendelea kumenya ndizi, na mwaka unaofuata anauliza tena, kwa sababu anajua, mama gani asiyejua.

"Nenda basi," Harshad anasema. Anajitahidi kusema kama mtu asiyejali, lakini mkono wake haujaachia mguu, vidole vimekaza mpaka vinauma. "Umesikia alivyosema. Nenda." Na Ildefons anangoja mwili wake uende, anaungoja kama anavyongojwa mgeni mbaya anayejulikana saa yake ya kufika, viwiko viko tayari, maji yamefika sasa kwenye mbavu, baridi, na hofu ipo, haijapungua hata chembe, meno yanagongana, lakini mwili hauendi… umelala tu. Hilo linamtisha kuliko jiwe, maana kama inawezekana kukaa, kama mtu anaweza kuogopa hivi na bado akakaa, basi hata siku ile iliwezekana, miaka yote hii amejiambia kwamba hakuumbwa hivyo, kwamba miguu ndiyo iliyokataa, si yeye. Ni yeye. "Kaka yangu alifukiwa shimoni kule Karagwe," anasema gizani, kwa sauti. "Aliniita nusu saa nzima. Nilikuwa na nafasi ya kushuka, na sikushuka." Maji yanapita. Harshad anapumua, mara moja, mara mbili. "Kwa nini unaniambia hayo sasa, Mwalimu?" anauliza, na Ildefons, badala ya kwenda, anarudisha mkono wake wa kulia nyuma kadiri mwamba unavyoruhusu, bega likichubuka, anapapasa nguo iliyolowa, anavipata vile vidole kwenye mguu wake na kuvifunika kwa kiganja, mbele bado ni giza tupu, hakuna taa, hakuna sauti ya mtu, ni maji tu.